Nchi Iliyoyapa Mawe Kisogo

Ukimwuliza Ndaki Lushinge alifikaje Ajabia, atakujibu "nilifika," kisha ataendelea kunywa supu yake. Watu wamejaribu kumchimba mpaka wamechoka. Kinachojulikana ni kwamba Jumatatu alikuwa Mwanza, akipiga picha kwenye harusi ambayo familia mbili ziligombana kuhusu nani akate keki. Alhamisi alikuwa amesimama langoni mwa nchi hiyo, huko kusini ambako dunia inakaribia kuisha, kamera ikining'inia shingoni, na mbele yake mtu mmoja mwenye tai pana anamwuliza ana mpango wa kushangaa kiasi gani.

"Kushangaa?" Ndaki akauliza.

"Ndiyo, bwana. Kuna kushangaa kidogo, kushangaa kwa wastani, na kushangaa mdomo wazi. Fomu inajazwa kabla hujayaona mawe. Ukishayaona hatuwezi kukuamini tena."

Huyo ndiye Katibu Nukuu, wa Idara ya Mshangao. Mtu mpole, kalamu tatu mfukoni, na kila unachomwambia anakiandika hata kama umepiga chafya.

"Niandikie wastani," Ndaki akasema. "Mimi natoka Mwanza. Mawe nimeyazoea kama shemeji."

Nukuu akaandika: shemeji.

Sasa, Ajabia inajulikana kwa kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ni mawe. Yako saba, pale nchi inapokutana na bahari. Hakuna mkono wa mtu ulioyagusa. Upepo na maji vimeyala polepole mpaka moja limebaki na mistari kama chapati zilizopangwa kwenye sahani, jingine limetoboka katikati tundu la kupita ng'ombe wawili bila kugusana, jingine limeinama kama mtu anayetafuta sindano. Wamaori, wenyeji wa pwani ile, walikuwepo zamani sana, kabla nchi haijawa na lango wala tai wala fomu, na kwao mawe yale si ya kutazama tu. Ni wakubwa wa ukoo. Huwapandi, huli mbele yao, na ukipita unasalimia.

Wajabia walikuja baadaye. Walipoyaona mawe kwa mara ya kwanza walipigwa butwaa siku tatu nzima. Kazi zikalala, mikate ikaungua, watoto wakalala bila kuoga. Siku ya nne wakakubaliana kwamba mshangao mkubwa namna ile hauwezi kuachwa hivi hivi bila ofisi. Wakajenga ofisi. Ofisi ikatunga sheria, na sheria kubwa kuliko zote ikawa Sheria ya Kisogo.

Sheria ya Kisogo inasema hivi: mgeni atasimama kwenye nyayo zilizochorwa chini kwa rangi nyeupe, atayapa mawe kisogo, atatabasamu, atapigwa picha, ataondoka. Kugeuka ni kosa.

"Kwa nini lakini?" Ndaki aliuliza.

"Zamani tuliwaacha watu watazame," Nukuu akamweleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia msiba. "Wakawa wanatazama tu, bwana! Mtu anakaa pale saa nzima, anasahau picha, anafika kwao hana ushahidi wowote kwamba alishangaa. Mshangao mwingi sana ulipotea miaka ile."

Halafu jicho lake likaangukia kamera ya Ndaki, na uso ukamchanua. Mpiga picha wa Idara alikuwa ameacha kazi wiki hiyo hiyo, shingo imemkaza. Kabla Ndaki hajasema ndiyo wala hapana alikuwa ameshavishwa kofia yenye nembo, ameinua mkono wa kulia, anaapa: "Nitaona nyuso tu. Kilicho nyuma ya nyuso hakinihusu."

Haikumuuma. Wajabia ni wakarimu, hilo Ndaki hulisema mpaka leo. Walimpa chumba chenye blanketi zito la sufu, mkate wa moto na siagi isiyopimwa, na kila aliyepigwa picha alimshika mkono kwa mikono miwili akasema asante sana, asante sana, kana kwamba amemtibu jino. Kupiga picha kwenyewe kulikuwa rahisi kupita kiasi. Mwanza unaweza kumbembeleza bwana harusi nusu saa atazame kamera. Ajabia unainua kamera tu, shingo zinageuka zenyewe. Siku ya pili aliinua kamera kuifuta vumbi, na msafara mzima wa mazishi uliokuwa unapita ukasimama ukatabasamu. Hata waliobeba jeneza.

Siku ya nne, wakati wa mapumziko ya mchana, sauti ikamwita.

"We mpiga picha!"

Pembeni ya uwanja kulikuwa na kamba nyekundu, na nyuma ya kamba walikaa Wamaori, wenye mawe. Sheria iliwaweka pale kwa sababu, kama ilivyoandikwa, wenye mawe si wageni, na mahali pale ni pa wageni. Aliyeita alikuwa mama wa miaka kama hamsini, kifua kipana, kidevu kimechorwa chale za ukoo wake, mikono inasuka kikapu kwa majani marefu magumu kama ukili. Jina lake Mereana.

"Naam, mama."

"Una siku nne hapa. Umeshamsalimia mtu?"

"Mama, nimesalimia wote. Hadi askari wa lango."

"Nimekuuliza mtu. Hao ni watumishi."

Wenzake wakacheka. Ndaki naye akacheka, maana alipenda mtu anayejua kuchokoza. Akajibu mapigo: "Kama unasema haya mawe, mama yangu, mtanisamehe. Kwetu mawe kama haya tunaanikia dagaa."

Kicheko kikakatika. Mereana akaweka kikapu chini.

"Wakikauka mnamwambia nini?"

"Nani?"

"Jiwe."

"Hatumwambii kitu."

"Mnakusanya dagaa wenu, mnaondoka tu?"

"Tunaondoka tu."

"Masikini," Mereana akasema. Wala hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anavyomsikitikia mtoto ambaye hakuna aliyemfundisha kula.

Ndaki akaanza kuifuta kamera ambayo haikuwa na vumbi. Mereana akamtazama kidogo, akamwonea huruma, akamwambia habari yenyewe.

Katikati ya mawe yale saba kulikuwa na moja fupi kuliko mengine, lililojitanda kama mwanamke aliyejifunika shuka mabegani. Wamaori walimwita Kuia, yaani bibi kizee kwa lugha yao. Na Jumatatu, yaani kesho, Kamati ya Idara ilikuwa inakuja kumfuta.

"Kumfuta vipi? Si jiwe?"

"Kwenye daftari kwanza. Halafu kwa tingatinga."

Sababu ilikuwa hii. Idara ina picha za miaka arobaini, maelfu kwa maelfu. Nyayo nyeupe zimechorwa mahali ambapo kichwa cha mgeni kinamfunika Kuia barabara, kuanzia utosi mpaka miguuni. Kwa hiyo katika picha zote hizo hakuna hata moja anamoonekana. Mawe sita yanaonekana, mengine sikio tu, mengine bega, lakini yeye hapana. Na Wajabia wana kanuni kwamba jiwe lisilo kwenye picha halipo. Pale lilipo litajengwa Jukwaa la Tabasamu, lenye nyayo nyeupe mia mbili.

"Semeni basi kwamba yupo!"

"Tumesema. Wanasema sisi ni wajukuu zake, na mtu hawezi kumshuhudia bibi yake." Mereana akanyanyua kamba nyekundu. "Wewe si mjukuu wake. Pita, umwone. Hiyo kamera iache hapo."

Ndaki akaiacha. Kabla ya kumruhusu hatua ya pili, Mereana alimwinamia kwa salamu ya kwao, paji kwa paji, pua kwa pua, wakavuta pumzi moja pamoja. Ndaki alisikia kicheko kinampanda, maana tangu utotoni kitu chochote cha heshima kilikuwa kinamtekenya. Kikafika kooni kikarudi chenyewe.

Wakashuka njia nyembamba mpaka miguuni pa Kuia.

Alikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Mikunjo ya shuka lake ilikuwa mistari ya mchanga wa rangi ya asali na majivu, mmoja juu ya mwingine, mingi mno kuhesabu. Chini yake bahari ilikuwa imechimba chumba. Wimbi lilipoingia, jiwe zima lilivuta hewa, kukawa kimya, halafu kutoka kwenye ufa kifuani ukatoka ukungu mwembamba ukamlowesha Ndaki uso mzima.

"Anapumua," akasema.

"Wewe ulidhani nini? Haya, jitambulishe. Kazi yako haimhusu. Mwambie mlima wako, maji yako, watu wako."

"Mimi ni Ndaki," akaanza, kwa sauti ya mshereheshaji. "Mlima wangu ni Mabatini, ukipanda bila kupumzika unatapika. Maji yangu ni ziwa, Nyanza. Watu wangu…"

Hapo sauti ya mshereheshaji ikampotea. Alikuwa amekumbuka nyumba. Marehemu mama yake alikuwa mjane mwenye watoto watano na matofali ya kuta tatu tu, akaijenga nyumba kilimani kwa kuiegemeza kwenye jiwe. Ukuta wa nne ulikuwa jiwe lenyewe. Mvua zilikuja miaka ile, nyumba za jirani ziliteremka na matope na vyombo vyote, ya kwao haikutikisika. Joto la mchana jiwe lililitunza, usiku wakalala wamelibana migongo, watoto watano, blanketi moja. Alikulia pale miaka kumi na tisa. Hakuwahi kulipa jina. Aligongomelea misumari kwenye nyufa zake, akatundika suruali.

"Watu wangu ni wa Lushinge," akasema, polepole, "na kuna jiwe lilitulea. Sijawahi kulishukuru. Naomba nikushukuru wewe, bibi, kwa niaba ya mwenzako."

Kuia akavuta pumzi, akaitoa.

"Umesikika," Mereana akasema, kikawaida tu, kama mtu anayekuambia chai imechemka.

*

Jumatatu Kamati ilifika saa nne kamili, wajumbe kumi na wawili, na mwenyekiti wao Mheshimiwa Kioo. Mheshimiwa huyu hakuwa mtu mbaya, lazima isemwe. Alimsalimia kila mtu, aliuliza hali za watoto, na alikuwa na huzuni ya kweli kwa sababu ya kazi aliyokuja kuifanya. Ila alikuwa mtu wa ushahidi. Viti vilipangwa kwa desturi ya nchi, vyote vimeyapa mawe kisogo, na nyuma ya ofisi tingatinga lilikuwa limeshawashwa linanguruma taratibu.

"Tunaanza na upande wa familia," Kioo akasema. "Pole sana, mama Mereana. Una picha yoyote ya hilo jiwe?"

"Sina picha. Ninaye mwenyewe. Geuza shingo."

Wajumbe wakakohoa kwa aibu, kama vile ametaja nguo za ndani.

"Kanuni hairuhusu, mama. Na wewe ni mjukuu wake, kwa maneno yako mwenyewe. Hatuwezi kupokea ushahidi wa mjukuu."

"Mheshimiwa, siku uliyozaliwa nani alishuhudia? Si mama yako na shangazi zako? Au waliletwa watu baki?"

Katibu Nukuu akaandika, akasita, akapiga mstari, akaandika tena. Mjumbe mmoja akauliza kama swali hilo linaweza kupelekwa kwenye kamati ndogo. Likapelekwa.

Ndaki akanyoosha mkono. "Mimi si mjukuu. Mimi ni mgeni, fomu yangu mnayo. Na nimemwona kwa macho yangu haya. Anapumua, waheshimiwa!"

Minong'ono ikazagaa. Kioo akainama mbele, akaonyesha matumaini. "Umeliona lini?"

"Jana mchana."

"Ukiwa tayari umeapa kwamba utaona nyuso tu?"

Ndaki akaona shimo, lakini alikuwa ameshaingia mguu mmoja. "…Ndiyo, Mheshimiwa."

"Basi umevunja kiapo. Na ushahidi wa mvunja kiapo haupokelewi. Lo! Nilitamani sana ungekuwa umeliona kabla." Na kweli alitamani, ilionekana usoni.

Wakabishana saa nzima. Mjumbe mmoja alisema kama jiwe halipo, hakuna sababu ya tingatinga. Mwingine akamjibu kwamba tingatinga ni la kuhakikisha. Wa tatu aliuliza: likikutwa lipo wakati wa kubomolewa, je, taarifa irekebishwe kabla au baada? Hoja hiyo ilisifiwa na wote. Mereana alikuwa amesimama nyuma ya kamba, mikono imeshikana, hasuki kitu. Nyuma yake ukoo mzima umekaa kimya, na nyuma ya kimya chao unasikia pumzi ile inaingia, inatoka.

"Basi," Kioo akasema, akavua kofia. "Kabla ya kura, picha ya kumbukumbu. Mpiga picha!"

Ndaki akachukua kamera. Sehemu yake ilikuwa mbele ya viti, kama kawaida. Akatembea kuelekea pale. Kisha miguu ikakata kona. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kamba nyekundu.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "naomba kupita."

Mereana alimtazama, akaitazama kamera, akavitazama vile viti vyote. Tabasamu likaanza upande mmoja wa kidevu chake chenye chale, likahamia upande wa pili. Akanyanyua kamba.

Ndaki akashuka, akasimama miguuni pa Kuia bila kumgusa, akamwomba radhi kwa fujo inayokuja, akageuka na kuinua kamera juu.

"Waheshimiwaaa! Huku! Moja, mbili…"

"Huko haturuhusiwi!" Katibu Nukuu akapiga kelele, lakini alipofika kwenye "ruhusiwi" shingo yake ilikuwa imeshageuka. Zote ziligeuka. Viti vikakwaruza chini, wajumbe kumi na wawili na mwenyekiti wao wakazunguka mzima mzima, wakanyoosha tai, wakaachia meno.

"Kisogo!" mjumbe mmoja akakumbuka, meno yakiwa bado nje. "Sheria ya Kisogo!"

"Inawahusu wageni, Mheshimiwa," Ndaki akaita kutoka kule chini. "Nyie ni wageni hapa?"

Likawa swali baya. Wajumbe wakatupia jicho kamba, ukoo wa Mereana uliokaa nyuma yake, kisha wakatazamana. Hakuna aliyekuwa tayari kusema ndiyo, na mbele ya mama yule hakuna aliyepata ujasiri wa kusema hapana. Kwa hiyo walibaki vilevile walivyo, wakiitazama kamera.

Na nyuma ya kamera alikuwepo yeye.

Wimbi likaingia. Kuia akavuta hewa, ndefu kuliko ya jana, Ndaki aliisikia ikipita mgongoni mwake. Kimya. Halafu ukungu ukapanda, mpana, mweupe, ukasambaa juu ya viti, ukawashukia usoni mmoja mmoja. Tabasamu zikaanza kudondoka, moja baada ya nyingine, na nyuma ya kila tabasamu kulikuwa na uso ambao hata wenyewe hawakuwa wameuona siku nyingi. Mheshimiwa Kioo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Huyu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza Mjabia kuliita jiwe huyu, "huyu amekuwa hapa siku zote?"

"Hajawahi kwenda popote," Mereana akamjibu.

Kidole cha Ndaki kilikuwa juu ya kitufe. Hakukibonyeza. Akashusha kamera, akageuka naye, wakawa wote wanatazama upande mmoja. Tingatinga likazimika, dereva alikuwa ameshangaa mbona kumetulia, akaja kuchungulia, akakaa chini kwenye nyasi kofia mkononi.

Katibu Nukuu ndiye pekee aliyekumbuka kazi. "Wanaosema jiwe halipo, waseme ndiyo," akaita. Hakuna aliyejibu. "Wanaosema lipo?" Hakuna aliyejibu pia. Walikuwa mdomo wazi, na fomu hawakujaza. Nukuu akafunua kitabu cha kanuni, akasoma ukurasa ule mara mbili. Kikao hakifungwi bila kura. Na kitu kinachojadiliwa hakiguswi na mtu yeyote, kwa sababu yoyote, kikao kikiwa kinaendelea. Akachukua kalamu, akaandika: kikao kinaendelea. Chini yake hakuandika saa.

Mvua ikaanza kunyesha, ile ya kusini, ya baridi. Hakuna mjumbe aliyenyanyuka. Mereana akawaambia watu wake neno moja, nao wakaleta turubai, wakaishika pembe nne juu ya vichwa vya Kamati. Wale wale waliokuja kumfuta bibi yao, wakawakinga na mvua. Ndaki akashika pembe moja. Maji yalimwingia mkononi yakashuka mpaka kwapani, na alijikuta anasema asante, asante, bila kujua anamwambia nani hasa.

Baada ya muda mrefu Katibu Nukuu alitoka chini ya turubai, akamsogelea Mereana, akavua kofia yake yenye nembo.

"Samahani, mama," akanong'ona. "Tunaruhusiwa kukaa mpaka saa ngapi?"

Mereana akamtazama Kuia, kama anayesubiri kusikia kwanza.

"Kaeni tu," akasema. "Yeye hana haraka."